Baraka ya Papa mu Masaa Ine na Nusu

Mubi, 3/7/2008

Dada Kaswera,

Muntu wa bahati kupita bote ba Mubi anakusalimia! Mungu akigawa bahati, mimi nasimama mbele na beseni. Nimepata ordinateur, kompyuta mupya ya Core 2, ingali mu plastiki. Hata Walikale kwa bakubwa hakuna ya vile.

Afya iko? Bibi yangu Emérita na batoto tulizaa bako bazima, malaria ilipita kutusalimia tu. Na Kanyere, mudogo wetu, bado anakula ao furaha ya ndoa imefunga tumbo?

Nilifika Buleusa kwa Papa, baba yetu. Papa hataweza kuja Masisi tarehe 26: barrière ya askari iko kila kilima, na mguu wake haupandi moto, ile pikipiki. Lakini nilimufilme akimubariki Kanyere, maana bila neno ya baba mbele ya bakwe, bibi-arusi hatoki mu nyumba. Shida ni hii: Papa aliongea masaa mbili. Kutengeneza DVD kunaomba masaa tano, na groupe, jenereta ya jirani Papa Hakorimana, inazunguka masaa ine na nusu tu, essence, ile petroli, haipiti pale. Ikizima, kazi inaanza upya. Wewe ulisoma informatique, mambo ya kompyuta, Butembo. Nakimbiza processeur, ubongo ya mashini, namna gani?

Mudogo yako,
Mbusa

Masisi, 7/7/2008

Mudogo yangu Mbusa,

Tuko, Mungu asifiwe. Masasi ya bunduki inalia mbali, maharagwe imeiva, na Kanyere anakula kama askari.

Masaa mbili! Namujua Papa: dakika kumi ni baraka, zingine zote ni hadisi ya mbuzi wa shangazi Pétronille. Kata mbuzi.

Kama haukati, sikia. Ukiwasha, finya kitufe Suppr mbele Windows haijafika. Utaona écran, kioo yake, ya bleu: pale njo mipango ya carte mère, sahani kubwa ya ndani. Tafuta FSB, namba ya mwendo. Core 2 yako inaanzia 266. Weka 300, usiguse volti. Finya F10. Kama haiko Core 2, usifuate namba yangu hata kidogo.

Dada yako,
Kaswera

Mubi, 12/7/2008

Dada,

Salamu, na nyumba yote. Siye tunapumua.

Niliweka 300. Écran nyeusi kama sufuria ya mazishi. Ventilateur, ile feni, inazunguka, lakini mwenye nyumba hayuko. Nilipiga, nilibembeleza, hata nilisali rozari. Kimya.

Na mbuzi sikati. Bakwe bakiona Papa anaruka ruka, batasema baraka iko nusu. Nani anakata baba yake mu kinywa?

Nisaidie. Siku inakimbia kupita processeur.

Mudogo yako,
Mbusa

Masisi, 16/7/2008

Mbusa yangu,

Habari ya Emérita na batoto? Mimi afya iko, roho njo haiko.

Nimelia. Ulipata kitu mupya mara moja mu maisha, na dada yako amekuharibia na namba yake. Nimeamua: kisha ndoa nitakutumia ordinateur yangu. Nitarudia kuandika barua za parokia na mukono.

Mbele, jaribu hii. Toa kamba ya umeme, fungua, tafuta pile, betri ndogo ya mviringo ku carte mère kama kifungo ya koti. Itoe, ngojea kidogo, irudishe: mipango itarudia ya zamani. Kisha panda namba ya FSB tano tano, na kila mara jaribu.

Bakwe bamesema wazi: bila neno ya baba, banarudi mikono mitupu. Kanyere hakuli tena.

Dada yako mukosaji,
Kaswera

Mubi, 22/7/2008

Dada Kaswera,

Kama unasoma hii, basi Papa amefika Masisi! DVD iko chini ya unga wa muhogo, mu gunia muchukuzi Straton amekuletea na moto yake. Pangusa mbele ya kuweka mu mashini.

Pile ilitosha. Ordinateur ikaamka. Nikapanda tano tano mupaka 155. Pale ikaanza kuandika maneno ya wazimu, nikarudi 150. Tukafungua mbavu zake zote, Emérita akaipepea na lungo, ungo ya unga, akiniuliza:

“Mbusa, hii ni ordinateur ao babula ya kupikia?”

“Mama ya batoto, pepea tu! Papa amefika ku mbuzi wa pili!”

Hakorimana alikuwa ku mulango anaita: “Essence inabakia kikombe!” DVD ikatoka, nikahesabu mpaka ine, groupe ikakohoa, ikakufa. Papa muzima, mbuzi zote zimo.

Sasa, dada, usilie, na usinitumie ordinateur yako. Parokia itakosa barua na mimi nitakosa usingizi. Haukuharibu kitu. Ulisema kama haiko Core 2 nisifuate. Pale uliandika 266 niliona 133 na macho yangu, nikasema: hii mashini inajidharau. Iko Pentium nzee. Niliibadilisha na kinga, baiskeli yangu, na plastiki niliitoa ku matela ya kulalia.

Hakuna bahati yoyote. Nilidanganya.

Mudogo yako,
Mbusa