Stika ya dukani kwa Tima

Kasiva, leo nimejiaibisha hapa Zombe. Usicheke kwanza.

Unakumbuka ile stika ya simu nilichora, mimi na miwani yangu nene siku ile nikisalimia sanamu ya kuvalishwa nguo pale dukani kwa Tima, nikidhani ni mtu? Nikaona nimwombe ruhusa kabla sijaituma kwa watu.

Nikamkuta amesimama mlangoni na dera la zambarau. Nikamwonyesha simu. Kimya. Nikamwambia, "Tima, kama imekuudhi nitaifuta." Kimya.

Aki Kasiva, nilimbembeleza huyo mtu mpaka nikamshika mkono.

Mkono wa plastiki. Tena.

Kumbe Tima yuko nyuma yangu na wateja, anacheka mpaka machozi.

Akaniambia, "Mimi nimekubali. Lakini huyo mwenye umemwomba bado anafikiria."