Yannick ni mutoto wa Zagabe gani?

Chantal, uko? Usicheke kwanza.

Yannick amekuya leo kwetu kujionyesha kwa wazazi kama muchumba wangu. Papa akamuuliza: wewe mutoto wa nani? Akajibu: "Wa Zagabe." Ni ivo tu! Hapa Ibanda ukiita Zagabe, nusu ya barabara inageuka.

Papa akaruka: "Zagabe professeur, ule anafundishaka droit, mambo ya sheria?" Yannick akacheka kidogo: "Papa, watu wanamuheshimu sana."

Tonton Cyprien, ndugu ya Papa, naye: "Apana, ni Zagabe ule alikuwaka gardien, anadaka mupira golini!" Yannick: "Tonton, kumbe bado munamukumbuka?"

Maman naye akataja Zagabe wake, muimbaji wa chorale. Yannick akainamisha kichwa: "Maman, ile sauti ilikuwa zawadi ya Mungu."

Hakusema apana hata mara moja! Kila mutu na Zagabe wake, na Papa anamufungulia chupa ya bière.

Nikamusindikiza mpaka ku mulango, nikamuuliza polepole: baba yako ni Zagabe gani? Akanijibu: "Ule Zagabe mwenye wazazi wako watamupenda."

MWENYE WATAMUPENDA, Chantal!

Na wewe ndiye ulituunganisha. Ulisema "ni mutoto wa Zagabe", ni kama vile unamujua baba yake.

Naona unaandika. Unafuta. Unaandika tena.

Hata wewe haukumuulizaka?