Nilichomoa Waya Mama Akimtazama Kaka

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nimekaa na jambo hili siku kumi na moja sasa na kila nikijaribu kulinyoosha linazidi kupinda.

Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya mawakili, nina miaka thelathini na tisa, naishi na mama yangu, na nianze kwa kukuambia kwamba mimi si mtu wa kubabaika, ofisini kwetu kukiwa na kikao ni mimi ninayeunganisha laptop na ile televisheni kubwa ya ukutani, mawakili na shahada zao wamekaa wananitazama, nachomeka waya wa HDMI huku na huku, nashika rimoti, natafuta tundu nililochomekea ni namba moja au mbili, picha inatokea, naenda zangu, na sijashindwa hata siku moja, kwa hiyo usije ukadhani yaliyonipata yalisababishwa na mitambo. Mitambo ilifanya kazi vizuri mno.

Mama ni muuguzi mstaafu. Alifanya kazi wodini miaka thelathini na moja, mtaani hadi leo wanamwita Sista, na mtu akijikata kisu jikoni anakimbizwa kwetu kabla ya kupelekwa hospitali. Kwa sasa macho yake yana mtoto wa jicho, moja limeshafanyiwa upasuaji na la pili linasubiri, kwa hiyo simu ya mkononi kwake ni adha tupu. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa na tuko wawili tu, ni fundi wa lifti huko mbali, safari ya ndege mbili, na kila Jumapili hupiga simu ya video, Mama anaishika simu karibu na pua, anaigeuza, anakunja uso, halafu ananiuliza, "Hivi naongea na mwanangu au naongea na punje ya mchele?"

Sasa siri yenyewe ni hii. Miezi saba iliyopita kaka alinipigia nikiwa kazini, akaniambia nitoke nje nikae peke yangu, nikatoka nikasimama kwenye ngazi, akaniambia figo zake zimekufa, zote mbili, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na amewekewa mirija chini ya shingo ya kuunganishwa na hiyo mashine. Halafu akaniapisha nisimwambie Mama. Mshauri, baba yetu alikufa kwa figo. Mama alimwuguza humu ndani miaka miwili, akitoka kuhudumia wagonjwa wa watu anakuja kumhudumia wa kwake, na tulipotoka kumzika Mama alilala saa kumi na sita mfululizo, mimi na kaka tukawa tunapokezana kwenda kuangalia kama anapumua. Kaka aliniambia, "Mdogo wangu, Mama ameshauguza vya kutosha. Mimi simrudishi wodini." Nikaapa, nikajifuta machozi, nikarudi kuchapa hati ya kiapo cha mteja.

Tangu hapo tukaishi hivyo, kaka akipiga simu anavaa sweta la shingo ndefu au anajifunika skafu, Mama anasema kwenu huko kuna baridi sana, kaka anasema sana Mama, na mimi naangalia pembeni.

Mwezi uliopita tukanunua televisheni ya inchi hamsini kwa ajili ya macho ya Mama, na Jumapili ya wiki iliyopita, saa nane mchana, tumeshakula, nimeosha vyombo, nikapata wazo ambalo nililiona la maana sana, nikachukua laptop yangu na waya wangu nikasema leo Mama atamwona mwanawe akiwa na ukubwa wa binadamu. Sikumwambia kaka. Nilitaka wote wawili wafurahi kwa ghafla, na nikiri pia kwamba nilitaka Mama anione ninavyofanya kazi yangu. Picha ilikuja mara moja. Sauti ndiyo ilikuwa inatoka kwenye laptop, nikaenda kwenye mipangilio, nikaihamishia kwenye televisheni, na kaka akajaa sebuleni, sauti na picha, Mama akapiga makofi.

"Kumbe una mvi!" Mama akasema.

"Mvi gani, Mama, hiyo ni taa," kaka akasema, tukacheka wote watatu, na nakuambia kwa dakika kama kumi nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote.

Kaka alidhani Mama yuko na simu yake kama kawaida. Alikuwa amevaa shati la kawaida, kifungo cha juu kiko wazi, kulikuwa na joto siku hiyo, na alipoinama kuokota kitu sakafuni shati likaachia. Mama akaacha kucheka. Aliinuka, akatembea mpaka kwenye televisheni, taratibu, akaweka kidole kwenye kioo, hapo chini ya shingo ya kaka.

"Hapa una nini?"

Kaka akalishika shati. "Nimejikata nikinyoa, Mama."

"Kwenye mfupa wa bega? Unanyoa nini huko?" Kidole hakikutoka. "Na hiyo mirija miwili ni ya kunyolea?"

Mama akageuka akanitazama mimi, sio kaka, mimi. Akauliza, "Wewe ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilinyoosha mkono nikachomoa waya. Televisheni ikawa nyeusi, nikasema, "Mtandao umekatika, Mama," na kabla sijafunga mdomo sauti ya kaka ikatokea kwenye laptop, maana ukitoa waya sauti inarudi pale pale, "Mama? Mama, unanisikia? Usilie, Mama," nikaifunga laptop kwa kiganja kama mtu anayeua mende.

Mama akaniambia polepole, "Mtandao haukatiki kwa mkono wako."

Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo tunaongea ya lazima tu, maji yamekatika, mlango umefungwa, basi. Juzi nimepita nikamkuta ametoa vitabu vyake vya zamani vya uuguzi, anasoma kwa lenzi, jicho limegusa karatasi, na sikuhitaji kuuliza anasoma nini. Kaka naye ananigombeza, anasema nimemvua nguo mbele ya Mama, na sasa amenitumia ujumbe mrefu wa kumweleza Mama, kwamba lilikuwa jipu, limepasuliwa, ile mirija ilikuwa ya kutoa usaha na imeshatolewa. Anataka niuseme kama wangu. Nikiusema namdanganya Mama mara ya pili akiwa ananiangalia usoni, nisipousema navunja kiapo cha kaka ambaye ni mgonjwa na hana mwingine wa kumwambia mambo yake. Nimsikilize nani?

Ni mimi, Binti wa Sista

JIBU

Binti wa Sista, pole. Kubeba ugonjwa wa kaka yako miezi saba bila pa kuutua si mchezo, na ulikwenda kuchapa hati za watu macho yakiwa mabichi. Hilo nimeliona na nakupa pole ya dhati. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Jipu? Mnataka kumpelekea habari za jipu mwanamke aliyekaa wodini miaka thelathini na moja na akamwuguza mumewe ugonjwa huo huo mpaka kaburini? Mimi niliyepata sifuri ya baiolojia nimeshajua, sembuse yeye! Mama yako alijua tangu alipoweka kidole kwenye kioo. Alichokuuliza wewe hakikuwa kuhusu figo. Alikuuliza kama ulikuwa unajua, na jibu ukalitoa kwa mkono.

Kuhusu kiapo, usijisumbue. Uliapa kutunza siri, na siri yenyewe ilikwisha Jumapili ile saa nane mchana. Kilichobaki ni uongo, na huo hukuuapia.

Kaka yako simlaumu sana, mtu akiumwa anaogopa, na anayeogopa anapenda kujificha nyuma ya neno "nakuonea huruma". Lakini nani aliwapa ninyi wawili kazi ya kupima Mama anaweza kubeba nini? Mlimwuliza? Mnasema mnamwepusha asirudi wodini. Mama yako yuko wodini sasa hivi, binti, na lenzi mkononi, peke yake, hana mgonjwa wa kumshika mkono wala daktari wa kumwuliza. Hicho ndicho mlichomwepusha nacho?

Fanya hivi. Leo, ukifika nyumbani, usivue hata viatu. Nenda alipo Mama umwambie: nilijua miezi saba, na waya niliuchomoa mimi. Maneno hayo tu. Usianze kueleza sababu, na tafadhali usitangulie kulia, maana ukilia wewe yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza, na zamu hii si yako. Akikufokea, pokea. Akinyamaza, kaa hapo hapo.

Kisha mpigie kaka. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Mwambie Mama anajua, ujumbe wa jipu umeufuta, na Jumapili saa nane atakaa mbele ya kamera yake na shati lake la kawaida amweleze mamake kwa kinywa chake. Akisema hawezi, mwambie Mama ana namba yake na vidole vya kuibonyeza. Wewe hutakuwa mkalimani kati ya mama na mwanawe.

Siku ikifika, unganisha mitambo yako, hakikisha sauti, halafu ukae kwenye kiti cha mbali na mikono mapajani. Hata wakilia. Hata wakigombana. Hiyo ni simu yao.

Na jambo la mwisho, ambalo umeandika kurasa tatu bila kuligusa. Baba yako figo, kaka yako figo, na wewe je? Umepima lini? Wiki hii hii nenda kapime presha, mkojo na damu, na mwambie daktari habari za baba na kaka. Mawakili watakupa ruhusa. Wasipokupa, kikao kijacho waunganishe wenyewe.

Jibu hili nilimtumia moja kwa moja badala ya kungoja gazeti, kwa sababu nilihofia Mama ataachwa na vitabu vyake wiki nzima. Wiki mbili baadaye alinirudishia haya, na amekubali niyachapishe.

Mshauri, nimefanya yote. Ya viatu pia. Nilipomwambia, Mama alisema, "Miezi saba, na kila siku tunakula meza moja," akaniacha pale, na kesho yake asubuhi akaniuliza kama kaka anapewa dawa za kuongeza damu. Nikasema sijui. Akasema, "Ndiyo maana huwa anaulizwa mgonjwa."

Nimepima, na majibu yangu ni mazuri, ila presha iko juu kidogo na nimeambiwa nirudi baada ya mwezi.

Jumapili kaka alitokea kwenye televisheni akiwa na shati lake la kawaida. Alisema mwenyewe, kwa sentensi mbili. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu kabisa. Mama hakulia. Alivaa miwani, akafungua daftari, akaanza.

"Unasafishwa mara ngapi kwa wiki?"

"Mara tatu."

"Inachukua saa ngapi kila mara?"

"Nne, Mama."

"Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Kaka akaanza kubahatisha.

"Sikuulizi unadhani, nakuuliza kiasi gani. Chumvi je? Hapo shingoni nani anakubadilishia bandeji, na ananawa mikono? Sogea karibu nione ngozi kama imekuwa nyekundu."

Kaka akasogea mpaka shingo yake ikajaa kwenye televisheni yote, na Mama akainuka akaikagua, jicho lile zima, kila upande. Akasema, "Wamekufunga vizuri." Basi hapo ndipo mwanamume yule mzima, fundi wa lifti, mwenye mvi, alipoanza kulia kwa sauti kama mtu aliyekuwa amekiweka kilio hicho tangu siku ya kwanza, na mimi nikakandamiza mikono yangu chini ya mapaja, nikangoja.

Mama alirudi kwenye kiti chake, akageuza ukurasa wa daftari.

"Lia, mwanangu, lia tu," akasema. "Ukimaliza tutaendelea, bado nina maswali."