Marehemu Aliyekalia Stuli Yangu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Ng'ombe wa bucha bado hajacheka. Mwenye bucha amemkataa mara ya pili. Anataka meno yaonekane na macho yamtazame mteja kwa furaha. Nimemwambia ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa hana cha kumfurahisha. Akaniambia nichore, nisihubiri. Nadhani kuna mtu amemtuma anipotezee wiki.

Mchana amekuja mama mmoja wa Uriri, Mama Atieno. Mjane. Mumewe, Owuor, alikuwa fundi wa baiskeli, akafa Agosti iliyopita. Anataka picha kubwa ya kutundika ukutani siku ya ukumbusho, tarehe tatu mwezi ujao. Nikamwomba picha ndogo ya kuigia, kama ninavyowaomba wote. Akatoa kitambulisho. Kilifuliwa pamoja na shati. Limebaki paji la uso, sikio moja na kipande cha kidevu. Katikati ni weupe mtupu. Picha nyingine hana.

Nimechora marehemu wengi. Kitambulisho, miraba ya penseli ya kukuzia sura, kisha rangi. Familia ikisema anafanana, kazi imekwisha. Huyu hana uso. Mama Atieno akasema atanieleza yeye mwenyewe, anamkumbuka vizuri. Sikumsikiliza. Maneno ya mjane hayapimwi kwa rula. Nikauliza kama yupo ndugu anayefanana naye. Alikawia. Kisha akasema yupo shemeji yake, Okoth. Hakulitaja jina hilo kwa raha. Nimeliona hilo, ndiyo maana naliandika.

Jumatano, 3 Julai

Okoth amekuja peke yake. Sikumwita. Amevaa koti la marehemu, kijivu, kola pana. Anasema alipewa siku ya kugawa nguo. Linamkaa vizuri mno. Amekalia stuli yangu karibu asubuhi nzima bila kuomba hata maji. Tumbo lilikuwa likimnguruma, na bado hakutikisika. Mtu anayekaa kimya namna hiyo ana jambo lake.

Alisema kidogo tu. "Mimi na marehemu ni kitu moja, fundi. Hata mama alikuwa anatuchanganya. Wewe chora tu vile unaniona." Akauliza mara mbili picha itawekwa ukuta gani, wa sebuleni au wa chumbani. Mimi nitajuaje kuta za watu?

Simwamini. Ila uso anao. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikichora watu kutoka kwenye vitambulisho, wote wanatazama mbele kama wamekamatwa na polisi. Leo nimechora mtu anayepumua. Mkono ulikuwa mwepesi, ukienda wenyewe.

Ijumaa, 5 Julai

Ng'ombe amecheka. Mwenye bucha anawaita wapita njia waje wamwone. Wanasifu. Mwanamke mmoja amesema ni picha nzuri kuliko zote mjini Migori. Sikutia jina langu.

Jumanne, 9 Julai

Mwalimu Oluoch amepita. Anafundisha sanaa katika sekondari moja ya Homa Bay. Amesoma chuo, na kila tukikutana mbele ya watu ananiita mpaka rangi. Leo alisimama mbele ya picha ya Okoth muda mrefu. Kisha akasema kuna maonyesho ukumbini Homa Bay wiki ijayo. Jaji anatoka Nairobi. Picha ya kwanza itachukuliwa ikatundikwe huko. Nami nilete kitu nikipenda.

Kwa nini aniambie? Huyu hajawahi kunitakia mema. Labda anataka nichekwe. Labda anahitaji mtu wa kushika mkia.

Mke wangu anasema mimi nashuku hata uji. Yeye ni Msabato, watu anawaamini.

Nimesoma nilichoandika. Nimeandika picha ya Okoth. Nilitaka kusema picha ya Owuor. Uchovu.

Jumapili, 14 Julai

Picha imekwisha. Ni nzuri. Nasema wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Macho yanakufuata hadi mlangoni.

Mama Atieno hajaja kuiona. Utaratibu wangu ni kwamba familia huona kwanza, ndipo picha inatoka. Leo nimeuvunja. Nimeifunga kwa gunia, kesho inakwenda Homa Bay. Nitairudisha kabla ya ukumbusho. Ikishinda itapelekwa Nairobi, hilo sikulifikiria. Au nililifikiria nikaliruka. Nataka watu waliosoma wasimame mbele ya kazi yangu wakose la kusema. Nataka Oluoch atafute jina jingine la kuniita.

Fomu inauliza picha inaitwaje. Nimejaza: Marehemu.

Alhamisi, 18 Julai

Homa Bay, joto. Jaji amevaa viatu visivyo na hata tone la vumbi. Sijui alipanda nini kuingia mjini.

Picha ya Oluoch inaitwa Njaa. Nyeusi na kahawia. Huwezi kujua ni vikapu vitupu mpaka usome karatasi iliyo chini. Watu wanaisoma karatasi, kisha wanatikisa kichwa kwa huzuni. Mama mmoja wa Mbita ameleta vyungu vitatu, vimechorwa mistari kwa kokoto. Jaji alivipita bila kuinama. Akasema hivyo ni vya jikoni. Nilivigusa nilipopata nafasi. Vilikuwa kazi safi kuliko zetu sote, na sikumwambia mtu.

Kwangu alisimama. Aliniita bwana msanii. Sijawahi kuitwa hivyo. Akawaambia watu kwamba mchoraji huyu amekitazama kifo bila kupepesa, kwamba ngozi ina ubaridi wa mtu aliyekwisha kuondoka, kwamba huo ni ukimya wa kaburini. Nikakumbuka tumbo la Okoth.

Nafasi ya kwanza. Utepe mwekundu. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Kisha wasiwasi ukaanza. Ubaridi gani? Mtu yule yu mzima, ana mbuzi saba. Kama jaji ameona kifo pasipo na kifo, sijui ni nini kingine ameona kisichokuwepo.

Ijumaa, 19 Julai

Mama Atieno ameambiwa na watu wa Migori. Amekuja mwenyewe hadi Homa Bay. Watu walimpisha, wakadhani atalia. Hakulia. Alitazama, akanivuta pembeni.

"Fundi, huyu ni Okoth. Alikulipa?"

Nikamwapia kuwa hapana. Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama watu. Hilo limeniuma kuliko swali.

Akanieleza kila kitu. Okoth anataka kumrithi, awe mke wake. Yeye amemkataa mara tatu. Wazee wa boma wamempa hadi siku ya ukumbusho. Mwaka ukiisha atoe jibu la mwisho. "Sasa nikiweka hii kwa ukuta, kila asubuhi naamka nikimwona. Watasema ni mimi nimemuingiza ndani." Ndiyo maana Okoth aliulizia ukuta. Nilisikia, nikaacha ipite, kwa sababu mkono ulikuwa mwepesi. Mimi ninayeshuku hata uji.

Nikamwendea jaji nikamwambia aliyekaa kwenye stuli ni ndugu wa marehemu, yu hai, yuko Uriri. Hakushtuka hata kidogo. Alisema kwa sanaa haijalishi ni nani. Nimelirudia neno hilo njia nzima. Nilichora pua ya mtu. Kuna mwanamke atalala chini ya pua hiyo. Na bado utepe nautaka, ndio ukweli wenyewe.

Jumamosi, 20 Julai

Nimerudi ukumbini asubuhi nikiwa na kalamu mfukoni. Sikuwa nimeamua.

Okoth ametangulia. Amesikia uso wake umeshinda, amekuja na wazee wawili wa boma kuwaonyesha. Amevaa lile koti. Alikuwa akieleza kwa mkono, hapa taya, hapa shavu, mnaona vile tunafanana na ndugu yangu. Mzee mmoja alivaa miwani, akainama, akasoma karatasi kwa sauti. Marehemu. Akamtazama Okoth, akatazama picha, akarudi nyuma hatua moja.

Okoth amebadilika rangi. Hakuna mtu wa kwetu anayependa kuona uso wake juu ya neno hilo. Akanishika mkono. "Toa hiyo neno, fundi. Mimi sijakufa."

Nikatoa kalamu, nikamwambia nitalitoa akiwaambia wazee uso ule ni wa nani. Alijizungusha. Akasema ni sura ya familia. Nikairudisha kalamu mfukoni. Ndipo aliposema: "Ni mimi. Ni Okoth. Si Owuor." Mzee wa miwani akamuuliza kwa nini basi alikwenda kukaa achorwe mahali pa ndugu yake, na koti lake mwilini. Okoth alivua koti. Alisema ni joto.

Nikakata neno. Nikaandika: Okoth wa Uriri, yu mzima. Nilijua ninachofanya.

Jaji alifika saa sita. Alisoma karatasi kwanza, ndipo akatazama picha. Nadhani hata Alhamisi alianza na karatasi, ni vile nilikuwa nimelewa sifa. Akasema sasa anaona jinsi mtu huyu anavyojionyesha. Koti ni safi mno. Macho yanaomba kusifiwa. Ni kama picha ya studio. Rangi ni zile zile, sikuongeza tone. Utepe umehamia kwa vikapu vya Oluoch.

Oluoch akanipa mkono. Pole, omera, yaani ndugu. Nilimtafuta kicheko usoni sikukiona. Labda alimaanisha. Sijui la kufanya na mtu kama huyo akimaanisha.

Okoth ameomba aichukue picha. Nimempa. Anasema ataiweka juu ya dari, igeukie mabati.

Jumanne, 23 Julai

Leo Mama Atieno ndiye aliyekalia stuli. Nilimwomba mimi. Nilimwambia nilipaswa kumsikiliza tangu siku ya kwanza. Hakusema kwamba si kitu. Alisema ndiyo, ulipaswa.

Anafumba macho, anajishika uso kutafuta vipimo. Hapa palikuwa papana kuliko pangu. Jicho la kushoto alilikaza, kwa sababu ya kutazama gurudumu kama limenyooka. Bega la kulia lilishuka. Mdomo wa chini alikuwa akiuvuta ndani akifikiri. Nachora, anafumbua, anakataa. "Hapana. Hapo umemfanya mpole. Hakuwa mpole hapo." Nimefuta mpaka karatasi imeota manyoya.

Kisha nikaingiwa na shaka. Mjane akimkumbuka mumewe huenda ananitengenezea mume bora kuliko aliyekuwepo. Nikamwomba anitajie ubaya wake. Alitaja mengi, upesi upesi, bila kuvuta pumzi. Alikuwa bahili wa sabuni. Aliahidi kila kitu na kumaliza nusu. Alikaa na hasira wiki nzima kisha akasahau sababu. Nikamwamini.

Alhamisi, 1 Agosti

Imekwisha. Ni mbaya. Jicho moja liko juu ya jingine. Shingo ni fupi, bega limeanguka kama mlango wenye bawaba moja. Mkono haukuwa mwepesi hata dakika moja. Hakuna jaji atakayesimama hapo, na akisimama atakuwa na haki ya kucheka. Mke wangu ameitazama akasema huyu mtu anadaiwa na mtu. Sikuelewa kama ni sifa.

Familia imeona kwanza. Mama Atieno hakusema anafanana. Aliomba kitambaa, akaifunika, akaibeba mwenyewe kifuani. Nilitaka kumuuliza. Niliogopa jibu.

Jumamosi, 3 Agosti

Uriri. Misa, kisha hotuba, kisha chakula. Okoth alikaa nyuma, bila koti, mbali na wazee. Walipomuuliza Mama Atieno jibu lake alisema amekataa, ataishi na watoto wake. Mzee wa miwani akasema wamesikia. Hakuna aliyebishana.

Picha iko kwenye ukuta wa sebuleni. Kwenye mwanga wa dirisha makosa yote yalionekana. Nilisimama karibu na mlango ili niwe wa kwanza kutoka. Watu waliingia, wakatazama, wakatoka. Hakuna aliyesifu. Wengine walishusha sauti tu. Nikaanza kuhesabu ni nani kati yao ataniharibia jina Migori.

Mwisho akaingizwa mama yake Owuor, ameshikwa mkono, amezeeka sana. Alisimama mbele ya picha. Kisha akaanza kumgombeza mwanawe, kwa Dholuo, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Paa la jikoni linavuja. Ulisema mvua ikiisha utapanda ulitengeneze. Mvua imeisha, imekuja nyingine, na ugali wangu unaingia maji, na wewe umekaa tu unanikazia jicho. Aliendelea hivyo. Hakuna aliyemnyamazisha. Mama Atieno alimletea kiti, akakalia, akaendelea.

Nilitoka nje, nikazunguka nyuma kulitazama paa la jikoni. Mabati mawili yametoboka, upande wa mlangoni.