Siri Yetu Mu Simu za Watu

Bukavu, 4 mwezi wa tatu 2023

Maman mupenzi,

Asalaam alaikum. Kule Sange munaamuka aje? Mimi mwili iko muzima, lakini roho inawaka.

Bwana yangu Asumani, tangu apate ile simu mupya, anaongea na watu wa TikTok kuliko mimi. Jana aliingia live, akacheka: "Bibi yangu, miaka saba, tumbo kavu!" Asubuhi jirani Apolline aliniuliza kama ni kweli.

Unajua karatasi ya munganga wa hospitali niko nayo. Yeye ndiye hawezi kuzaa. Miaka ine nimenyamaza, dada zake wananitukana. Siku ya ndoa tuliambiwa bibi na bwana ni nguo ya kufunikana. Alinivua. Na mimi nitamuvua, watu wote waone.

Mutoto wako, Mwamini

Sange, 9 mwezi wa tatu

Mutoto wangu,

Waalaikum salaam. Tuko salama, alhamdulillahi.

Asumani alikosa sana. Mwenye kutoa siri ya kitanda inje ni mutu mubaya mbele ya Mungu. Lakini ile haihusu wanaume peke yao. Muite kwa imamu, ajibu. Ukitaka kuachana, sitakukataza. Ile karatasi usiisome mbele ya watu.

Maman yako

Bukavu, 18 mwezi wa tatu

Maman,

Salaam. Nimeisoma. Jana, kisha sala ya Ijumaa, nikiwa live. Soko muzima ya Kadutu wanapokezana simu. Yeye alitoka ile jana alfajiri bila kuaga, hajarudi. Ajifiche! Nilipika pilau, nikala peke yangu, ikawa tamu.

Mwamini

Sange, 21 mwezi wa tatu

Mwamini,

Asumani hakujificha. Ile Ijumaa alikuja kwangu, akapiga magoti: "Maman, nilimupatisha mutoto wako haya. Video yangu nimeifuta. Unisindikize nimuombe musamaha."

Ile ile siku, kisha sala, tulipanda gari ya Bukavu. Tulipofika Kamanyola, mama mumoja alifungua simu. Nikasikia sauti yako, unasoma jina yake na maneno ya munganga. Gari yote ilicheka. Hawakujua kama ni yeye.

Aliomba chauffeur asimame. Akaniambia: "Mwambie sasa tumelingana." Akashuka. Tangu pale simu yake haiite.

Maman yako

Bukavu, 30 mwezi wa tatu

Maman,

Saumu njema. Barua yako nimepata.

Nimefunga, lakini ile video sijaifuta. Alianza yeye. Kila siku mbele ya futari naifungua, natafuta jina yake kati ya wale walioiangalia.

Mwamini