Kifua Chako Kinahitajika Wodi ya Njiti

Magamba,
S.L.P. 40, Lushoto.
14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Kristian,

Marahaba, maana najua hata ukinichukia utaniamkia. Habari za Mufindi na kiwanda cha chai? Kile kikohozi kimekuachia? Huku baridi ya Julai imetukalia mabegani, lakini tunapumua, na mwanao anapumua. Nimeanza na hilo makusudi.

Naandika kwa sababu simu uliikata. Karatasi haina kitufe. Dotto, mwenzako wa kiwandani, anarudi huko kesho, atakukabidhi mkononi.

Binti yako ana siku kumi na moja. Amezaliwa wiki ya ishirini na tisa, kilo moja na gramu mia moja. Hajui kunyonya bado. Rahabu anakamua maziwa, yanapita kwenye mpira mwembamba puani. Mara nyingine anasahau kupumua. Tunamsugua mgongo, anakumbuka. Daktari hakuniahidi kitu, nami sikuahidi.

Anachohitaji kuliko vyote ni joto la mtu. Anafungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mkeo mshono wa upasuaji umetunga usaha, ana homa, hawezi kumbeba zaidi ya saa chache. Zinazobaki nabeba mimi, na mgongo wangu wa miaka hamsini na moja umeanza kugoma.

Jana alikuja baba mdogo Faustine, akasimama mlangoni.

"Mghoshi, mwanamume mzima, akafanye nini wodi ya wazazi? Mwacheni Kristian kazini. Na jina msimpe kwanza, huyo bado mgeni."

"Baba mdogo, mgeni akija kwako unamwacha nje mpaka ujue atakaa siku ngapi?"

"Vitabu vimekuharibu, Eliaichi."

Nesi Zuhura akadakia: "Kifua cha mwanamume kina joto zuri tu, mzee. Hata chako tungekipokea." Mzee akakumbuka ana safari ya Vuga.

Sasa wewe. Unasema unasubiri hali ieleweke. Nani aieleweshe? Hiyo si busara, ni woga uliovalishwa koti. Wote wanaokushauri usubiri hawajakaa wodini hata saa moja. Unaogopa kumpenda halafu umzike. Mimi pia naogopa, na bado nambeba. Faili lake limeandikwa "Mtoto wa Rahabu", kana kwamba hana baba. Aishi au asiishi, hilo sikubali.

Omba ruhusa, panda basi. Kata kucha, vaa shati la vifungo mbele, sigara uiache hukohuko. Zamu yako ni saa nane mchana hadi jioni. Nimeshamwambia nesi aiandike.

Nisalimie Imelda na Alen hapo mnapopanga. Mama anakusalimu, anafua nepi ndogo kama leso na hataki kuongea na mtu. Rahabu hakukutumia salamu. Anakusubiri.

Mungu akushike mkono njia yote. Na jina usinitumie mimi. Njoo umtajie mwenyewe. Sikio lake litakuwa chini ya kidevu chako.

Dada yako, anayekupenda na kukugombeza kwa moyo mmoja,
Eliaichi