Bunduki Yako Imebaki Riyadh

Ba,

Nakuandikia mbiombio kwa sababu Shangazi Moza katutoka wiki iliyopita, na mdomo wa dada yako unaujua mwenyewe. Akikuona tu, hata salamu hajaimaliza, atakwambia: "Mwanao Ruwaida kaitoa bunduki yako!" Basi bora usikie kwangu mwanzo. Ndiyo, Ba. Ile bunduki yako ya visahani haimo tena kwenye familia. Nimeibadilisha mimi, dukani, Riyadh. Na kabla hujakunja uso kama ulivyokuwa ukikunja ukiletewa chai isiyokolea sukari, nisikilize mpaka mwisho.

Kwanza habari za nyumbani. Mama hajambo. Bado yuko pale pale Baghdadiya, hataki kuvuka Jeddah kuhamia kwangu Nuzha, ati nyumba yangu haina upepo wala majirani. Anapika chakula cha watu wawili kila siku, kisha ananipigia simu nikachukue kilichobaki. Naenda, nakichukua, na sijamwambia neno. Kaka Nassor kaota kitambi na anazidi kufanana na wewe, hasa kwa ubishi.

Sasa mjukuu wako, binti yangu Raya.

Siku zile umelala hospitali, ulisema mbele yetu sote, kwa sauti ya chini lakini tukaisikia: "Bunduki achukue Raya." Nani angebisha? Karatasi za kibali zikaandikwa jina la Nassor, bunduki ikabaki kabatini klabuni kama zamani, na kila Ijumaa alasiri nikawa nampeleka mtoto kule nje ya mji akapige. Keshatimia kumi na nne, Ba, karefuka, lakini shingo fupi na mabega kayachukua kwa watu wa upande wa mume wangu. Hukosi kukumbuka visahani vile vya udongo vinavyorushwa na mashine, na wewe ukimwambia avivunje hewani kama sahani za mama yake. Basi havikuvunjika. Vilikuwa vinaruka, vinakwenda zao, vinaanguka mchangani vizima, vinatutazama. Kimoja kimoja kilipasuka kwa bahati. Na ile bunduki ilimpiga mateke mpaka shavu likawa bluu. Mwalimu wake wa skuli akaniita, kaufunga mlango, akaniuliza nani anampiga mtoto nyumbani. Nikamjibu: babu yake, marehemu.

Nilicheka siku ile, lakini kicheko hakikudumu. Mashindano ya kuchagua timu ya vijana yalikuwa yanakuja, Riyadh, na Raya alikuwa anayaota tangu wewe uko hai. Ijumaa moja tunarudi, yeye kakaa mbele, kageukia dirishani, akaniambia: "Ummi, mimi sifai. Babu alikosea kunipa." Kisha akasema hataki kwenda tena. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie, ningejua la kufanya. Mtoto uliyemfundisha kusimama, uliyemfundisha kuvuta pumzi, sasa anaamini kuwa wewe ulimwona vibaya! Niliendesha gari mpaka Nuzha sioni vizuri njia.

Basi sikiliza ilivyogunduliwa, utacheka. Mlango uligongwa, kijana kaleta mzigo. Raya akakimbia kuchungulia kwenye lile tundu la mlangoni. Nikamwona anabandika jicho la kushoto. Nikasema moyoni, hebu. Kijana alipoondoka nikamwambia: chungulia tena. Kushoto. Nikamkunjia gazeti, nikampa atazame taa ya barabarani. Kushoto! Akaniuliza kama nimeshikwa na wazimu. Ijumaa nikamkamata kocha mpya, akamwambia Raya anyooshe mikono, aunganishe viganja abakishe kitundu kidogo, na kwa kitundu hicho amtazame yeye kocha puani. Akatikisa kichwa. "Halas, basi," akasema, "jicho linaloongoza ni la kushoto, na bunduki iko bega la kulia." Yaani mtutu unatazama huku na mtoto anatazama kule, siku zote, wala yeye hajui. Akihamisha bunduki bega la kushoto, kitako cha bunduki yako, ule mti unaokaa begani, kimepindishwa kidogo kwa shavu la mtu wa kulia, kinamchoma taya. Na tena ni kirefu, kimekatwa kwa kipimo cha mikono yako wewe uliyekuwa kama mnazi.

Nikakaa kwenye kile kibenchi cha klabuni nikaanza kukumbuka. Raya mdogo, kwenye sinia la wali pale Baghdadiya, anapeleka mkono wa kushoto. Na wewe unaukamata ule mkono, unaubusu, unauweka chini taratibu, unasema, "Wa kulia, mwanangu, wa kulia." Hukumgombeza hata siku moja. Ulibusu tu na kuuweka chini. Ikaja penseli, wa kulia. Ukaja mkasi, wa kulia. Ikaja bunduki, hakuna hata aliyeuliza. Kwa chakula sina neno, hiyo ndiyo adabu yetu, na Raya mpaka leo anakula kwa kulia. Lakini Ba, bunduki si wali!

Na wewe tena! Miaka yote uliyofundisha shabaha pale klabuni, nani Jeddah nzima alinunua bunduki bila kuja kwako kupimwa? Ulikuwa ukiwaambia: "Bunduki si mkoba, ni kanzu, njoo nikupime." Watoto wa watu uliwapima, matajiri uliwapima, na yule bwana mnene aliyetaka yenye dhahabu ulimrudisha dukani mara ngapi sijui. Mjukuu wako hukumpima. Ulimpa yako, basi. Wallahi mapenzi yalikupofua, Ba, na sikulaumu hata chembe, kwa sababu sisi wengine tulikuwa pale pale tunatazama na hatukuona.

Nikaitisha kikao kwa Mama, baada ya chakula. Ilikuwa vita. Nassor akasema wasia wa marehemu hauchezewi. Nikamwambia basi fundi akikate kitako na kukipindisha; akaruka, ati mtu asiguse mti ule kwa msumeno naye yu hai. Nikamwambia basi tununue nyingine. Ikaonekana mpya peke yake hatuiwezi, ila duka la Riyadh lingekubali kubadilishana na yako, nasi tuongeze kidogo. Hapo ndipo Shangazi Moza alipopiga ukelele wa kusikika mpaka baharini. Mume wangu, mtu wa amani, alikwenda kunawa mikono na hakurudi. Raya alikaa pembeni ya bibi yake, kainamisha kichwa, anasema pole pole, "Basi, mimi naacha, msigombane."

Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuliacha. Akasema, "Nyie, alitaka mtoto apige au alitaka mtoto ateseke? Mume wangu nimeshamzika. Kile ni chuma na mti." Akampa Raya kipande cha chungwa. Nassor akaondoka akaingia chooni, tukasikia maji yanamwagika muda mrefu. Alipotoka macho mekundu, akauliza tunaondoka lini.

Tulikwenda kwa gari, bunduki yako nyuma kwenye sanduku lake na karatasi zake. Nassor aliendesha bila kusimama mpaka tumeipita Taif. Dukani tukamkuta mzee mmoja Msuri, mtulivu. Raya, mtoto bado, akaikimbilia moja iliyochongwa vipanga vya fedha. Ilikuwa nzuri ya kutundika ukutani. Akaishika, shavu likaning'inia hewani, kitako kiko chini mno kwake. Nikamwambia rudisha. Mzee akaleta nyingine, nyepesi kama ufagio, akasema hii ndiyo ya msichana. Nikamwambia la, nyepesi ndiyo yenye teke, akipiga visahani vingi bega litakuwa halina hali. Mzee akanitazama. "Nani kakufundisha?" Nikamwonyesha sanduku lako: "Mwenye ile." Miye, Ba, niliyekuwa nikikuambia usinichoshe na habari za bunduki mezani! Kumbe yote yalikuwa yameingia.

Ya kujipakia yenyewe tuliijaribu pia. Teke lake laini, lakini maganda ya risasi yanaruka kulia, na kwa mtu wa kushoto yanampita usoni. Raya kila mara alikuwa anapepesa macho. Tukaiacha. Mwisho mzee akaingia ndani, akatoka na moja haina hata ua. Mitutu miwili, juu na chini, mti wa kahawia, chuma cheusi, basi. Kitako cha mtu wa kushoto. Na mgongo wake, pale shavu linapokaa, unapanda na kushuka kwa ufunguo mdogo, na nyuma unaweza kuongeza mpira kadiri mtoto anavyokua. Uzito wa kiasi. Nikamwambia Raya avute hewa, afumbe macho, aiweke begani, kisha afumbue. Ulivyokuwa ukiwafanyia watu. Kidole kilifika chenyewe kwenye kifyatulio. Akafumbua. "Ummi," akasema, "naona moja kwa moja." Akabaki kaishika hivyo hivyo, hatetemeki, hataki kuishusha.

Ilipofika wakati wa kuiacha yako, nilimwomba mzee nilifungue sanduku kidogo. Nikainusa, Ba. Mbele ya watu, kama chizi. Ilikuwa na ile harufu ya mafuta, na kidogo harufu ya ile kofia yako ya jua. Nikalia sana, hadi mzee akaniletea maji. Nassor alijifanya anasoma simu, nayo simu kaishika kichwa chini miguu juu.

Raya ilibidi aanze upya. Bega jipya, mguu mwingine mbele, kila kitu kinyume. Wiki za mwanzo alikuwa ananuna njia nzima. Kisha Ijumaa moja kikapasuka kisahani, kikafuata kingine, na kingine, vumbi la rangi ya chungwa likatanda, naye akageuka kunitazama na uso wako ule ule wa kujidai. Nilipiga vigelegele klabuni, watu wakageuka. Sikujali.

Mashindano yakafika, tukarudi Riyadh. Wenziwe wote wanaita kisahani kirushwe kwa Kiarabu au kwa Kiingereza. Yeye akasimama, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Haya!" Waamuzi wakatazamana. Mashine haijui lugha, ikarusha. Vya mwanzo alivikosa, nikashika mkono wa Nassor nikaubana mpaka akanilalamikia. Halafu mtoto akatulia. Haya! Vumbi. Haya! Vumbi. Walipotangaza timu ya vijana, jina lake lilikuwa la mwisho, lakini lilikuwemo! Alinirukia na gwanda lake lote la risasi, akanivunja mbavu.

Tulikuwa tunaelekea kwenye gari, watu wazima wameshaanza zamu yao, Raya akanivuta mkono. "Ummi. Ile ya Babu."

Ndiyo ilikuwa yako. Ningeijua popote, kwa ile alama ya kuungua ya birika la kahawa kwenye mti. Kaishika kijana mmoja mrefu, shingo ndefu, mikono mirefu, wa kulia. Akaiinua, ikapanda yenyewe kama ilivyokuwa ikikupandia wewe, shavu likalala mahali pake. Kila alichokiita kilipasuka. Nassor alitaka kumwendea, akapiga hatua, akasimama.

Raya akaenda. Peke yake, bunduki yake kaifungua katikati, haina risasi, kailaza mkononi kama ulivyomfundisha, akasubiri kijana amalize, akamsemesha. Nikamwona yule kijana anacheka kwanza, kisha anaweka mkono kifuani. Aliporudi nikamuuliza kamwambia nini.

"Nimemwambia Babu, mwenyewe wa zamani, alikuwa haifungi bila ya bismillahi. Nimemuuliza kama na yeye anaisema. Kasema alikuwa haisemi, lakini ataanza leo."

Tukamtazama. Akatia risasi, midomo ikacheza, akaifunga.

Basi ndiyo hivyo, Ba. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini wasia wako ulikuwa mtoto apige, na anapiga. Kwaheri, baba yangu. Alasiri za Ijumaa bado nasahau, nataka kukupigia simu nikusimulie. Nakuahidi jambo moja. Raya atakua, atabadilika, atatuletea mengine tusiyoyategemea, na kila mara nitamtazama yeye kwanza kabla sijamwambia yetu sisi yalivyokuwa. Nikishindwa, Mama yupo.

Mungu akulaze pema. Mjukuu wako anapiga kwa mkono wake mwenyewe, na hakosi sana.

Mwanao,
Ruwaida